Mwaka Chuma Kilipoumuka Mtoni

Siku ya arobaini ya baba mdogo Selemani, aliyenilea, wanaume walikuwa wamekwisha kula pilau chini ya turubai na wanawake tumejazana uani tukingoja masinia yetu, bibi mmoja akanishika mkono akanivuta hadi kwenye kona ya bafu. Alikuwa Bi Mwajabu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye sikuwa nimemwona kwa miaka mingi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kupoteza wakati akapandisha gauni na kunionyesha goti lake la kulia. Alisema limevimba tangu mfungo mosi, wanawe wamemsihi aende hospitali, yeye akawaambia hapana, atamngoja mtoto wa Selemani aliyesomea uvimbe Ulaya. Sijawahi kumtibu mtu hata mafua. Nimeumaliza ujana wangu na sehemu kubwa ya utu uzima nikichunguza chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, na namna kinavyoharibika ndani ya vinu vya nyuklia. Nilipogeuka nikamwona mama mdogo Zuhura, mjane wa marehemu, ameketi chumbani na eda yake, mlango wazi, anacheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa upindo wa kanga na mabega yanatikisika. Ilikuwa mara ya kwanza nimwone akicheka tangu msiba, kwa hiyo nilimsamehe Bi Mwajabu papo hapo, nikamwahidi kwamba kesho yake nitampeleka mwenyewe kwa daktari wa kweli.

Watu walipotawanyika niliingia katika chumba changu cha zamani. Siku hizi kinawekwa mkaa na feni mbovu, lakini dirisha ni lilelile, na ukuta ni uleule usiofika darini. Nyumba nyingi za Mtoni zilijengwa hivyo, vyumba huku na vyumba huku, ukumbi katikati, na kuta zinazokoma kabla hazijafika juu ili hewa ipite. Hewa ilipita, na maneno nayo yalipita. Mwaka mzima niliorudi kulala pale baada ya masomo nilijua bei ya kila kitu na ugomvi wa kila mtu bila kuuliza. Nilikuwa nimemaliza chuo, shahada yangu ya uhandisi nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni isiliwe na mende, na kazi sina. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, enzi za ruksa. Madukani kulijaa vitu ambavyo utotoni mwetu tulivipangia foleni, sabuni za kunukia, dawa ya meno yenye mistari ya rangi, na viatu vya mitumba vimemwagwa chini kando ya barabara ya Kilwa mtu achague mwenyewe mguu wa pili. Kila mtu aliruhusiwa kuuza kila kitu. Wakati huohuo viwanda vya umma vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na kiwanda cha vyuma alichofanyia kazi baba mdogo, kule barabara ya Pugu, kikafuata mkumbo. Alikuwa fundi wa kukereza. Alifunga kipande cha chuma kwenye mashine, akakinyoa taratibu, kikatoka kipuri. Walimpunguza yeye na wenzake, wakaambiwa wakangoje nyumbani mpaka apatikane mnunuzi. Akawa anashinda barazani na sanduku lake la vifaa. Kila asubuhi alilifungua, akavipaka vifaa mafuta, akalifunga. Nilikuwa nikimwona kupitia dirishani na moyo unaniuma.

Bahati yangu ilitoka kwa mwalimu aliyetufundisha somo la vyuma. Chuo kimoja cha nchi ya baridi kilikuwa kinatafuta mwanafunzi wa kuendelea na masomo, gharama zote juu yao, na yeye akanipendekeza. Alinichorea ubaoni kazi yenyewe. Katikati ya kinu cha nyuklia, chuma cha pua kinapigwa mfululizo na chembe ndogo ziitwazo nyutroni, na baada ya muda kinakuwa kikubwa kuliko kilivyowekwa. Hakijaongezwa kitu, uzito ni uleule, lakini kimekua. Mirija iliyopimwa kwa makini inanenepa, inapinda, inabanana. Wahandisi wa nchi kubwa walikuwa wamegundua jambo hilo zamani kidogo na bado lilikuwa linawaumiza vichwa. Nilitoka ofisini kwake nimejaa furaha hadi nikapitiliza kituo cha kushukia. Nyumbani nikafungua kamusi yangu ya Kiingereza nitafute jina la hali ile kwa Kiswahili, nikapewa neno moja tu, kuvimba. Nikalibeba kama lilivyo.

Ijumaa hiyo, baada ya sala, tulikuwa tumezunguka sinia la wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nikawatangazia kwamba nimepata nafasi ya kwenda Ulaya kusomea kuvimba kwa chuma cha pua kunakosababishwa na mionzi. Sentensi ilikuwa ndefu na baba mdogo alikuwa anachambua miba ya samaki. Aliyoyadaka ni maneno mawili, kuvimba na mionzi, na mtaani kwetu maneno hayo yalikaa nyumba moja. Mtu akiambiwa akachomwe mionzi, kila mmoja alijua ana uvimbe mbaya. Chuma nadhani walikichukulia kuwa ndiyo mashine yenyewe. Baba mdogo aliweka tonge chini, akainua mikono, akaomba dua ndefu. Mama mdogo akapiga vigelegele, na Bi Mwajabu akavipokea upande wa pili wa ukuta kabla hajajua ni vya nini. Ilipofika alasiri mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mtoto wa Selemani anakwenda kuwa daktari wa uvimbe. Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwapo, na mpaka leo halijaja.

Wakaanza kumiminika. Alikuja mama mmoja na mguu, akaja kijana na jipu, akaja mzee wa mtaa wa pili mwenye busha ambaye alizunguka maneno mpaka chai ikapoa kabla sijaelewa shida yake. Nina hasira za karibu, nimezaliwa nazo, lakini siku hizo nilicheka. Niliwaambia ni chuma, si watu, wakanijibu ndiyo, ndiyo, wakaona nina unyenyekevu mzuri. Nilidhani litakwisha lenyewe. Kisha asubuhi moja mama mdogo alinikuta nikichambua mchicha, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akafungua ushungi wake. Shingoni upande wa kushoto alikuwa na uvimbe wa kiasi cha yai, ambao muda wote ule alikuwa anauficha. Nilishtuka. Nilikuwa nikilala chumba cha pili naye na sikujua.

“Hospitali wamesema nikatwe,” aliniambia. “Sikatwi na mtu nisiyemjua. Nitakungoja wewe urudi.”

Nilimwambia palepale. Nilimweleza kwamba sisomei watu, kwamba kinachovimba ni chuma chenyewe, na kwamba akiningoja mimi atangoja bure na ugonjwa haungoji. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akauliza kama chuma kinaumwa. Nikasema hakiumwi. Akauliza sasa kinavimbaje, kina maji, kina usaha? Nikaanza habari za atomu na nyutroni, na nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kuurudishia ushungi wake, mkunjo kwa mkunjo, mpaka shingo ikapotea. Kisha akaniambia nimalize mchicha. Nililia pale uani, kwa sababu nilijua nimemvunjia tumaini na sikuwa na kitu cha kumpa badala yake.

Jioni ile maneno yalipita juu ya ukuta. Baba mdogo alikuwa anasema kwa sauti ya chini kwamba amemlea mtoto wa kaka yake mpaka chuo ili asije akashika kile alichoshika yeye, kumbe njia yote ile imezunguka na kurudi kwenye chuma. Asubuhi baba mdogo aliniita barazani. Sanduku la vifaa lilikuwa limefungwa.

“Mie nimekaa na chuma umri wangu wote,” alisema, “kimenitema kama ganda la muwa. Na wewe unataka kukifuata mpaka Ulaya. Hicho kinu chenyewe hapa kwetu kiko wapi? Segerea? Gongo la Mboto? Mie kinu ninachokijua ni cha kutwangia. Tafuta kitu kingine, mwanangu. Kwa hili radhi yangu hupati.”

Ofisi iliyoshughulikia masomo ya nje ilikuwa imeniambia binti ambaye hajaolewa aje na mlezi wake atie sahihi, lakini hata kama wasingetaka hivyo, nisingeondoka bila radhi. Sie tuliolelewa hivyo tunajua kwamba mtu anaweza kuvuka mpaka akafika, na bado akawa hajafika. Nchi nzima ilikuwa ruksa, isipokuwa mimi. Nilikasirika vibaya. Nilipika bila chumvi makusudi. Kwa Kiswahili chetu mtu akinuna huambiwa amevimba, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na uvimbe wa kila aina, baba mdogo barazani, mimi chumbani, na mama mdogo na wake wa shingoni ambao alikataa usitajwe. Mwalimu wangu alinipa muda mpaka baada ya Idi. Baada ya hapo nafasi angepewa mtu mwingine.

Leo nikiikumbuka hasira ile naona ilikuwa na jambo moja la haki ndani yake. Nilimkasirikia baba mdogo kwa kukataa kitu asichokielewa, lakini zaidi nilijikasirikia mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na elimu ambayo nyumbani kwetu haikuwa na pa kukaa. Niliweza kuandika hesabu ya jambo lile ubaoni, na sikuweza kumwambia aliyenilea ni nini. Nimekutana na wataalamu wengi tangu hapo ambao wako hivyo mpaka wanastaafu na wala hawaumii. Mimi niliumia.

Ramadhani ikaingia, na mgao wa umeme ukaja nayo. Mashine ya kusaga ikawa haina moto siku nyingine, kwa hiyo mchele wa mkate wa kumimina tuliutwanga kwa zamu, mimi na Bi Mwajabu. Mama mdogo alikuwa na mkono wa mkate ule. Aliuchanganya unga na tui, sukari, iliki na hamira, akafunika sufuria, akaliacha kwenye joto la jiko na kutukataza tusilisogelee. Siku moja alasiri nilikuwa nimelala na uchovu wa saumu nikawasikia wakisemezana uani. Mama mdogo alikuwa analalamika. Alisema mchele ni uleule wa jana, kipimo kilekile, hajaongeza hata punje, lakini hebu tazama, umeumuka mpaka umeinua mfuniko, na umefurika katikati ya sufuria hili na lile mpaka yamebanana jikoni hayatoki. Bi Mwajabu akamwambia ni joto la leo. Nilikaa kitandani. Hakijaongezwa kitu. Kimekua. Vimebanana. Nilirudia neno lile kwa sauti, peke yangu, kuumuka, na nikacheka kama mwehu na tumbo tupu. Kamusi ilikuwa imenipa neno la ugonjwa kumbe lugha yangu ilikuwa na neno la mkate.

Sikusema kitu mpaka magharibi. Tulifungua kwa tende na uji wa pilipili manga, tukaswali, tukarudi mkekani kwa futari ya magimbi na samaki. Mkate uliletwa mwisho, umeiva juu na chini, na baba mdogo akapewa kisu kama kawaida. Alipoukata, nikamwomba asigawe kwanza. Nilichukua kipande nikakielekeza kwenye kandili ili matundu yaonekane vizuri.

“Baba, nilikosea neno,” nilimwambia. “Chuma hakivimbi. Kinaumuka.”

Alikitazama kipande, akanitazama mimi. Hakuniambia ninyamaze, kwa hiyo nikaendelea. Nilimweleza kwamba ndani ya chuma kila atomu ina mahali pake, kama watu safuni msikitini. Nyutroni inaingia kwa kasi, inamgonga mmoja anatoka. Wengi wanarudi. Lakini baadhi ya waliotoka wanajibanza kwingine, na nyuma yao nafasi inabaki tupu. Nafasi tupu hazitulii, zinahama, zinakutana, na zikikutana zinafanya tundu dogo ambalo jicho haliwezi kuliona. Gesi kidogo inayozaliwa humohumo inalisaidia tundu lisizibe. Matundu yakiwa mengi, chuma kinakuwa kikubwa bila kuongezwa kitu, kama unga wa mama. Mirija iliyopangwa karibukaribu inanenepa na kupinda, na njia ya kupitisha kile kinachoipoza inaziba.

Baba mdogo alichukua kile kipande mkononi mwangu. Alikibonyeza kwa kidole, kikarudi. Nilimwona anakitazama kama alivyokuwa akitazama kipuri kilichotoka kwenye mashine, kwa jicho moja, amelifumba la pili.

“Basi vipimo vyote vinaharibika,” alisema polepole. “Umekereza sawasawa, umepima, umefunga, halafu kinakua humo ndani.”

“Ndiyo, baba.”

“Na dawa yake?”

Nilimwambia ukweli. Nilisema wanajua mambo machache. Chuma kikifuliwa au kuvutwa kikiwa baridi kabla ya kutumika, kinachelewa kuumuka, na hapo alitikisa kichwa kukubali, kwa kuwa alijua waya uliovutwa baridi unavyokuwa mkaidi. Wakichanganya madini fulani kidogo, kinachelewa zaidi. Kuna vyuma vya jamii nyingine vinavyoonekana kustahimili, lakini vina udhaifu wao. Ila dawa kamili, nikasema, hakuna aliyeipata. Nilidhani nimejimaliza mwenyewe kwa kusema hivyo. Alikigeuza kile kipande, akakila.

“Kwa hiyo kazi haijaisha,” alisema.

“Haijaisha.”

“Mie nilifundishwa kazi nikiambiwa haitakwisha, na imekwisha mchana kweupe. Kama hiyo yako haijaisha, nenda. Radhi unayo.”

Mama mdogo alianza kugawa mkate kwa haraka, ili asionekane uso. Mimi sikuficha, nililia mbele ya wote na kula huku nalia. Alipomaliza kugawa akasema, bila kumwangalia mtu, kwamba kama ndivyo basi Idi ikipita na yeye atakwenda kukatwa hiyo shingo, maana anaona hapa hakuna daktari wa kungojwa. Alikwenda, Bi Mwajabu akamsindikiza, na uvimbe ulipopimwa ukaonekana hauna ubaya.

Baadaye, nilipokiona kwa mara ya kwanza chuma kile kwa hadubini kubwa, niligundua kwamba mfano wangu una kasoro. Matundu ya mkate ni ya mviringo, yamejaa hewa. Ya chuma yana kona, kama yamechongwa, na ndani yake karibu hakuna kitu kabisa. Nilimwandikia baba mdogo nikamsahihishia. Alinijibu kwamba kona ni dalili nzuri, kitu chenye kona kinaweza kupimwa. Nimeyapima. Nimeyapima mpaka macho yamekwisha, na nimewafundisha vijana wanaoyapima sasa kwa vyombo ambavyo sisi hatukuviota. Siwezi kusema tumeishinda ile hali. Naweza kusema kwamba vyuma vya leo vinavumilia kuliko vile vya ujana wangu, na kwamba ndani ya uvumilivu huo umo mkono wangu kidogo.

Mwaka ule, Idi ilipita. Jumatatu ya kwanza baba mdogo alivaa kanzu na koti la kijivu alilolihifadhi kwa harusi, tukaenda mjini pamoja kwenye ile ofisi. Tulikaa kwenye benchi mpaka karibu na adhuhuri. Karani alikuwa mama mmoja wa bara, mwenye miwani, amechoka na watu. Alimwamkia shikamoo mzee, akapekua karatasi zangu, akakunja uso kwenye jina la somo. Kisha hakuniuliza mimi. Aliinua macho akamwuliza baba mdogo, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona wazee wengi wakiletwa pale bila kuambiwa wanaletwa kwa nini, kama anajua binti yake anakwenda kusomea kitu gani. Nilifungua mdomo nimsaidie. Baba mdogo akanigusa mkono ninyamaze.

“Chuma cha pua,” alisema. “Kikikaa kwenye kinu cha nyuklia kinaumuka.”

“Kinaumuka? Kama maandazi?”

“Kama maandazi. Wanakiweka kwa vipimo, kinakua humo humo, kinabanana.” Alimwonyesha kwa viganja viwili, kwanza vimeachana, halafu vikasogeleana polepole mpaka vikagusana. Watu wa kwenye benchi walikuwa wanasikiliza, na yeye akaongeza sauti kidogo ili wasikie. “Huko kwao dawa yake imewashinda. Ndiyo maana wamemwita huyu wangu.”

Kisha akamwomba yule mama kalamu.